Sarur Asiyevutwa

Sarur bin Mselem alikuwa hajawahi kuvutwa. Katika jangwa la mchanga la Bidiya, ambako kila mwenye gari ameshakaa juani siku moja akingoja mtu aje na kamba, hilo lilikuwa jambo la kutajwa, na Sarur alilitaja. Alilitaja harusini, alilitaja matangani, na safari moja alilitaja kwa daktari wa macho kule Mintirib, aliyekuwa amemuuliza tu kama anaendesha gari.

"Naendesha," akasema Sarur. "Na sijawahi kuvutwa."

Daktari akaandika kwamba anaendesha.

Ujana wake wote aliendesha lori la maji la serikali, akizunguka kwenye kambi za Mabedui zilizotawanyika ndani kabisa ya mchanga. Lori lile halikuwa na kitu cha kumsaidia dereva isipokuwa gia na dua. Akajifunza kuutazama mchanga kama bwana harusi mpya anavyoutazama uso wa mama mkwe: hapa pameshikana, hapa pamelegea, hapa panajifanya pagumu lakini pana jambo. Kabla ya kuingia alipunguza upepo wa matairi ili yasizame, na kipimo chake kilikuwa kahawa. Tairi moja, kifinjani kimoja. Anaufungulia upepo, anakunywa pole pole, kifinjani kikiisha anafunga na kuhamia tairi la pili. Ndiyo maana alifika kila kambi akiwa macho makavu, mwenye maneno mengi, na mwenye haraka ya kuulizia msala wa haja uko wapi.

Hata mke alimpata kwa kamba. Alimkuta mzee mmoja amezamisha pikapu iliyojaa mbuzi, akamtoa. Mzee akamwambia achague mbuzi amtakaye. Sarur akatazama nyuma ya pikapu, na katikati ya mbuzi akamwona msichana mwenye barakoa ya Kibedui usoni ambaye tangu Sarur alipofika alikuwa akimwambia baba yake kwamba aliingia mchangani na gia isiyofaa.

"Mbuzi sitaki," akasema Sarur. "Huyo je?"

Mzee akawa mkweli. "Huyo atakusumbua."

Akamsumbua kweli, miaka yote, na walipendana sana. Jina lake Moza.

Pamoja na Moza, Sarur akapata shemeji. Huweishil, kaka yake Moza, alikuwa mtu wa kitambi na vicheko, mkono wake mwepesi wa kutoa na mguu wake mzito wa kukanyaga mafuta. Kwa sababu ya mguu huo alizama kila mahali. Alizama mchangani, alizama kwenye matope ya chumvi huko pwani, na baada ya mvua moja alizama katika uwanja wa mpira wa shule, wanafunzi wakimtazama. Kila mara Sarur alikuja kumvuta, na alimvuta mara mbili: kwanza kwa kamba, halafu kwa mdomo, mbele ya watu, kahawa ikizungushwa.

"Shemeji, unaikumbuka siku ile gari lilipozama mpaka milangoni?"

"Halikufika milangoni."

"Lilifika. Ulitokea dirishani."

"Nilitokea dirishani kwa sababu mlango ulikuwa mbovu!"

"Mlango ulikuwa mzima. Ulikuwa chini ya ardhi."

Watu wanacheka, Huweishil naye anacheka, lakini moyoni amebaki na ombi moja tu. Alimwambia dada yake waziwazi: "Moza, mimi Makka nimekwenda, watoto nimewaoza. Limebaki moja. Nimwone mumeo amefungwa kamba, halafu nife."

"Usife," Moza akamjibu. "Nani atatuchekesha?"

Sasa, pikapu ya Sarur ilikuwa imezeeka mpaka sakafu yake imeliwa na kutu, na ukikaa mbele unaona mchanga ukipita katikati ya miguu yako. Mwanawe Hilali, anayefanya kazi bandarini Duqm, na binti yake Zwena wakashauriana, na siku chache kabla ya Idi Kubwa wakamletea gari jipya. Jeupe, refu, lenye harufu ya duka.

Zwena alikuwa na kazi ambayo baba yake aliitaja kwa kifupi. "Yuko kampuni ya mafuta," alisema, na hapo hapo akabadilisha mazungumzo. Ukweli ni kwamba Zwena aliajiriwa kuwafundisha madereva wa kampuni kuendesha mchangani. Wanaume wenye ndevu walikaa mbele yake wakiandika anayoyasema. Sarur alijivunia jambo hilo mpaka usingizi ukamruka, ila hakuwahi kumuuliza binti yake swali hata moja kuhusu magari. Angeanzia wapi?

Siku gari lilipoletwa, Zwena alikaa naye ndani akamwonyesha vitufe.

"Baba, hiki cha kwanza ni cha kuzuia matairi kuteleza. Tairi likianza kuzunguka bure, gari lenyewe linalishika breki na kupunguza nguvu ya injini. Barabarani wakati wa mvua ni rehema. Lakini ukipanda kilima cha mchanga, kizime, maana pale matairi lazima yazunguke kidogo, na gari litadhani umekosea."

"Najua."

"Hiki kinafunga difu ya nyuma, ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili. Difu ikiwa wazi, nguvu inakimbilia kwenye tairi lisilo na kazi. Tairi moja likiwa hewani, lenyewe ndilo linazunguka, na lililokanyaga chini linakaa tu. Ukiifunga, yote mawili yanazunguka pamoja."

"Najua, mwanangu."

"Na hiki ni cha difu ya mbele. Hiki, baba, usikiguse mpaka—"

"Zwena," akasema Sarur kwa upole, "nilikuwa napeleka maji mpaka kule Hayy kabla mama yako hajaota meno ya magego."

Zwena akauondoa mkono kwenye vitufe. Ni binti aliyelelewa vizuri.

Siku ya pili ya Idi ukoo mzima ulikusanyika kwenye kambi ya Sarur, chini ya kilima cha mchanga ambacho wenyewe wanakiita Nundu. Tanuri la shuwa, nyama ya Idi inayookwa ardhini, lilikuwa limechimbwa pembeni ya vibanda vya makuti. Nyama ya mbuzi wa Idi ilikuwa imepakwa viungo, ikafungwa ndani ya vikapu vya makuti, ikashushwa juu ya makaa, shimo likafunikwa kwa bati na kufukiwa kwa udongo. Tangu jana yake ilikuwa ikiiva humo taratibu, na sasa wanawake walikuwa wanasubiri adhuhuri ipite wafukue. Wanaume walikaa kivulini na halua na kahawa, njaa imeanza kuwauma, na mtu mwenye njaa hutafuta maneno.

Huweishil alilizunguka gari jeupe, akalipigapiga ubavuni.

"Mashallah, shemeji. Gari zuri. Nasikia siku hizi yanajiendesha yenyewe."

"Hakuna gari linalojiendesha."

"Hili lina vitufe vingi. Kimojawapo si cha kujisifu? Maana naona kazi hiyo bado unaifanya kwa mdomo."

Kivuli kizima kikaangua kicheko. Sarur akaweka kifinjani chini, akachukua bakora yake, akaweka kilemba sawa.

"Nundu," akasema. "Mpaka juu kabisa. Mnitazame."

Alitoa upepo kwenye matairi kwa mtindo wake, vifinjani vinne juu ya kahawa aliyokuwa ameshakunywa asubuhi nzima. Akaingia, akatia gia, akaupandia mchanga kwa kasi nzuri. Wanawake walitoka vibandani kutazama. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka katikati ya kilima. Hapo matairi yalianza kuteleza kidogo, kama yanavyopaswa, na gari jeupe likashikwa na hofu kwa niaba yake. Kitaa kidogo kikawa kinawaka na kuzimika mbele ya macho yake, injini ikashusha pumzi, nguvu zikakatika. Sarur akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Gari likamjibu kwa sauti ya mtu anayekohoa kwa adabu.

Akarudi kinyumenyume mpaka chini, akiwapungia watu mkono, kama kwamba hivyo ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

"Umepanda nusu!" Huweishil akapiga kelele. "Nusu ya pili tuimalizie kesho?"

Zwena alikuja dirishani mbio, viatu mkononi.

"Baba, kile cha kwanza. Kibonyeze, ukishikilie mpaka taa iwake."

"Ndicho nilichokuwa nataka kukibonyeza."

"Halafu ukitaka, funga difu ya nyuma. Ya mbele iache."

"Najua."

Alipoondoka, Sarur akavitazama vitufe vile. Kusema kweli alikuwa ameshasahau kipi ni cha nyuma na kipi ni cha mbele, na michoro yake ilifanana kama mapacha. Kumwita binti yake arudi, watu wote wakitazama, hakuweza. Akavibonyeza vyote. Taa zikawaka mbele yake safu nzima kama nyumba ya harusi, akaridhika.

Na gari likapanda! Halikuteleza, halikuhema, matairi yote manne yakauma mchanga kwa pamoja, na Nundu ikapita chini yake kama zulia. Kufika juu Sarur alisimamisha gari, akashuka, akasimama juu ya ukingo akiwa na bakora yake, kanzu ikipepea. Chini aliwaona watu wake wadogo wadogo, moshi mwembamba wa majiko, ngamia wa jirani, na mchanga unaokwenda kusini mpaka macho yachoke. Kwa kitambo alijihisi yule kijana wa lori la maji. Akaligusa gari kwenye boneti.

"Basi," akaliambia kimya kimya. "Wewe ni wa nyumbani."

Angeteremka pole pole mambo yangeishia hapo. Lakini Sarur alitaka kushuka kwa shangwe, akipiga honi, kisha akifika chini akate kona kubwa kushoto na kupita mbele ya kivuli cha wanaume, karibu kabisa na Huweishil, amtie vumbi kwenye halua.

Alishuka kwa shangwe. Alipiga honi. Alipofika chini, penye ardhi ngumu, akazungusha usukani kushoto.

Usukani ulikuwa mzito kama gunia la tende. Akauzungusha kwa mikono miwili, magurudumu ya mbele yakageuka, lakini gari halikugeuka. Lilikwenda mbele vile vile, limenyooka, kama mume anayeitwa na mkewe akajifanya hakusikia. Mbuzi wakatawanyika. Birika la kahawa likaenda upande wake. Sarur akaamini mpaka dakika ya mwisho kwamba gari litamsikia, na alipokanyaga breki alikuwa amechelewa kwa urefu wa kanzu yake. Bati likalia, ardhi ikafunguka, na tairi la mbele la kulia likatumbukia katika tanuri la shuwa.

 Moshi mzuri wenye harufu ya karafuu, iliki na mbuzi ukapanda pembeni ya gari.

Kisha ikasikika sauti ya Moza: "Sarur! Nyama!"

Hakuna aliyemuuliza kama ameumia.

Jambo la kwanza alilofanya Sarur lilikuwa kufungua difu zote mbili, kitufe kwa kitufe, haraka, kama mtu anayeficha ushahidi. La pili, akatia gia ya nyuma na kukanyaga mafuta. Kona moja ya gari ikiwa shimoni, kona ya nyuma ya kushoto ilikuwa imenyanyuka hewani. Basi tairi la shimoni likazunguka humo likirusha majivu, la hewani likazunguka likipunga upepo, na yale mawili yaliyokanyaga chini yakatulia tuli kama wageni wa posa.

"Acha! Acha!" wanawake wakapiga kelele. "Unatusagia nyama!"

Akaacha. Ndipo harufu ikaanza kubadilika. Kulikuwa na mbuzi, kulikuwa na karafuu, na sasa kulikuwa na kitu cha tatu.

"Tairi linaiva," akasema mtu mmoja.

"Litolewe mapema, kabla halijakolea viungo," akasema mwingine.

Huweishil alikuwa amesimama. Hakukimbia. Alitembea kwenye pikapu yake kwa heshima zote, akafungua mlango, na nyuma ya kiti akatoa kamba. Ilikuwa mpya, bado imo ndani ya nailoni yake ya dukani, na nailoni yenyewe imeshafifia kwa miaka. Aliinunua kwa ajili ya siku hii na hakuwahi kuitumia kwa jambo jingine. Akairarua nailoni kwa meno. Wapwa zake wakatoa simu kupiga picha.

Akaja mpaka dirishani kwa Sarur.

"Shemeji."

"Huweishil, tafadhali. Funga tu."

"Nitafunga. Lakini sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Sarur akatazama mbele. Jasho lilimtiririka chini ya kilemba. Alifikiria lori la maji, alifikiria wale wote aliowavuta na kila neno aliloongeza baadaye, na kwa mara ya kwanza akafikiri kwamba pengine maneno yalizidi kidogo.

"Nivute," akasema chini chini.

"Sijasikia. Upepo."

Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya.

"Sarur!" Moza akaita, mikono kiunoni. "Sema kama mwanamume, nyama inaungua!"

"Shemeji, nivute!" Sarur akapaza sauti.

Huweishil akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Wengine husema waliona chozi. Kisha akaifunga kamba nyuma ya gari jeupe, ncha ya pili kwenye pikapu yake, akaingia, na kwa furaha aliyokuwa nayo akakanyaga mafuta kama alivyokanyaga maisha yake yote.

Pikapu ikanguruma, ikaruka kidogo, kisha matairi yake ya nyuma yakaanza kuchimba. Huweishil akaongeza mafuta. Yakachimba zaidi. Alipoacha, pikapu ilikuwa imekaa kwa tumbo juu ya mchanga, na kamba mpya imelala chini, imelegea, bila kumvuta mtu yeyote.

Wa kwanza kucheka alikuwa Sarur. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akalalia honi, na honi ikalia yenyewe. Halafu kambi nzima. Wanawake wakaketi chini. Hata Huweishil, aliyetoka garini akiwa ameshika kichwa, alipoitazama ile kamba akaanza kutikisika kitambi.

"Baba," Zwena akasema, ameshafungua mlango. "Sogea."

Sarur akasogea. Zwena akaiomba kamba ifunguliwe, akakaa kwenye usukani, akabonyeza kitufe kimoja tu.

"Hiki ndicho cha nyuma," akasema. "Sasa lile la hewani likizunguka, la chini nalo halina budi kuzunguka. Ukanyage kidogo tu, kama vile unamwamsha mtoto."

Gari likatetemeka, tairi la nyuma la kulia likauma ardhi, na pole pole, bila kelele, lile la mbele likapanda kutoka tanurini, jeusi, likifuka moshi, na kipande cha kikapu cha makuti kimeng'ang'ania. Vigelegele vikapigwa. Zwena akaligeuza gari, akaifunga ile kamba mpya, na kitu cha kwanza ambacho kamba ile ilivuta tangu izaliwe kilikuwa mwenyewe aliyeinunua.

Shuwa ilifukuliwa. Haikuungua, ila kikapu kimoja kilikuwa na chapa za tairi vizuri kabisa, mistari na yote. Hicho wakampa Sarur. Alikula, akasifu, akaomba limau.

Ubishi ulianza kabla watu hawajanawa mikono.

"Ulisema," Huweishil akamwambia, mdomo umejaa. "Watu wote wamesikia. Ulisema nivute."

"Nilisema. Umenivuta?"

"Kusema ni nusu ya kuvutwa."

"Basi nusu ya pili tuimalizie kesho," akasema Sarur, na Huweishil akapaliwa na wali.

Baada ya Alasiri, watu wakiwa wamejilaza kivulini kwa shibe, Sarur alimsogelea binti yake. Alikaa karibu naye, akaiweka bakora magotini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya kitu asichotaka ionekane anakitaka:

"Zwena. Ile ya mbele. Kwa nini gari lilikataa kukata kona?"

Zwena akamtazama baba yake. Hakucheka. Angeweza kuchora mchangani kama anavyowachorea madereva wa kampuni, lakini akaona kuna njia nzuri zaidi.

"Inuka, baba. Mjomba, na wewe njoo."

"Mimi nimefanya nini?" Huweishil akalalamika, lakini akaja.

Zwena akawasimamisha bega kwa bega, akachukua kilemba cha mjomba wake na kuwafunga mguu wa mmoja na wa mwenziwe.

"Nyinyi ni matairi mawili ya mbele. Nendeni moja kwa moja."

Wakaenda, moja, mbili, vizuri tu, kama askari wazee.

"Sasa kateni kona, mlizunguke lile sufuria. Mjomba uko ndani, baba uko nje. Na kila mmoja apige hatua sawa na ya mwenzake."

Wakajaribu. Sarur wa nje alihitaji hatua ndefu, Huweishil wa ndani alihitaji fupi, na mguu uliofungwa haukumsikiliza yeyote. Wakaenda moja kwa moja kulikabili sufuria, wakivutana na kusukumana.

"Fupisha, we mtu!"

"Refusha wewe! Ndiyo kawaida yako, kunilaumu mimi!"

Akamgeukia mpwa wake. "Ona, Zwena, huyu ndiye difu mbovu!"

"Nimeelewa, mwanangu, nimeelewa!" Sarur alipiga kelele, bakora hewani. "Tufungue!"

Zwena akainama kuwafungua. Kutoka kibandani, akiwa amejilaza kwenye mkeka na barakoa yake, Moza akamzuia kwa ishara ya mkono.

"Waache hivyo hivyo mpaka Magharibi," akasema. "Wazunguke mara moja zaidi."

Nao wakazunguka, au tuseme walijaribu, na sufuria likapinduka.